Uso wa Mzee Lipanda

Uwanja ule wa Mtwara, jirani na soko, una jina rasmi lililoandikwa kwenye kibao, lakini wenyeji kwa miaka mingi waliuita Bombani. Na bomba lenyewe ndilo lililokuwa ukumbusho wa Mzee Mohamedi Lipanda, mshairi wa taifa, ambaye tungo zake watoto wa nchi nzima huzisoma darasani. Wageni waliofika kuuzuru walishangaa. Walitarajia sanamu, wakaonyeshwa koki mbili za maji, ukuta mfupi wa mawe ya matumbawe, na ubeti mmoja uliochongwa juu yake. Mama wauza mihogo walikinga maji hapo. Wachuuzi waliovuka mto Ruvuma kule Kilambo na vifurushi vyao waliosha miguu hapo kabla ya kuingia sokoni. Mtu akiwa na haraka alikunywa kwa kiganja, akajifuta mdomo, akaenda zake bila kusoma chochote.

Nuru, binti wa mshairi, hakuona ajabu yoyote. Ubeti ule aliusikia kabla ya mtu mwingine yeyote duniani, akiwa katika palizi ya mihogo huko kijijini Mahurunga, jembe mkononi. Baba yake hakuwa mtu wa kalamu. Alitunga akilima au akitembea, na mtoto aliyekuwa karibu ndiye aliyepaswa kuushika mstari usipotee. Kaka yake, Fadhili, alijaribiwa kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa. Mizani zikamponyoka kama kambare mkononi. Baba hakumfokea. Alimgeukia Nuru tu, ambaye wakati huo meno ya mbele yalikuwa yamemtoka, akamwambia, "Haya, wewe." Tangu siku hiyo ikawa wewe, wewe, wewe, mpaka mzee alipofariki.

Na ubeti ulikuwa huu:

*Nikifa msinichonge, kwa saruji wala chuma,*
*Msigombanie tonge, kwa jina langu kuchuma,*
*Mchovu roho akonge, kwa maji yenye uzima,*
*Kwangu hiyo ni heshima, bomba, sio kusimama.*

Wasia gani tena ungekuwa wazi kuliko huo? Mzee Lipanda alikuwa mtu wa msikitini, na hata kupigwa picha hakupenda. Alisema sura ni kazi ya Mwenyezi Mungu, yeye alipewa maneno, basi ashughulike na maneno. Vitabu vyake vilitoka bila uso wake. Picha moja tu ilikuwapo, ile ya kitambulisho, nayo ukungu uliila ikabaki kofia na sikio.

Alipokufa, waliotaka sanamu walikuwapo, lakini ubeti uliwafunga midomo. Mafundi ujenzi wakajitolea. Maneno yalichongwa na Mauricio, mchongaji ambaye wazazi wake walivuka mto wakati wa vita vya Msumbiji wakaweka makazi Kilambo, na ambaye mzee alipenda kukaa naye karakanani kwake mjini. Siku ya kufungua koki, Nuru alighani ubeti ule mbele ya watu, na Fadhili alilia hadi mabega yakatikisika. Kwa Nuru, hicho kilio cha kaka yake kilikuwa sehemu ya ukumbusho kama yalivyokuwa yale mawe.

Nuru aliolewa, akafiwa na mume, akabaki Mahurunga na mikorosho yake. Fadhili akapata kazi ya ukarani ghalani, akajenga Likombe, mjini, akamchukua mama yao, Bi Rehema, akae naye. Mambo yakaenda hivyo. Koki moja ikaanza kuvuja. Ukuta ukaota kijani. Vijana wakabandika matangazo juu ya ubeti. Hapo ndipo ilipoundwa kamati ya kuukarabati uwanja, na katibu wake, bwana mmoja anayeitwa Anold, akamtafuta Fadhili kama mkubwa wa familia.

Nuru alizipata habari hizo kwa simu.

"Bomba linatengenezwa," Fadhili alimwambia. "Wataweka vigae, wataweka na mahali pa kukaa. Uwanja wote wameuzungushia mabati."

"Alhamdulillahi, kaka. Nije nione?"

"Uje uone nini, tope? Mvua hizi, na barabara yenu hiyo! Subiri siku ya ufunguzi. Utaghani wewe. Nimeshawaambia, kama si Nuru, shughuli hakuna."

Nuru alikaa kizingitini na simu mapajani, akamwombea kaka yake dua. Hakuomba kwa mdomo mtupu. Alifurahi kwa sababu katika maisha yao Fadhili alizoea kuyakwepa mambo ya mashairi. Yakizungumzwa, alikuwa na safari. Sasa yeye ndiye aliyelibeba la baba. Nuru akaona kwamba uzee unamrudisha mtu nyumbani.

Siku ya ufunguzi alifika mjini asubuhi na kapu la korosho alizozibangua mwenyewe, kwa ajili ya kaka na mama. Mabati yalikuwa yameondolewa. Katikati ya uwanja kulikuwa na kitu kirefu kimefunikwa kitambaa cha kijani, kimefungwa kamba kiunoni. Mahema yalikuwa yamejaa. Mama yake alikuwa ameketishwa mstari wa mbele, buibui jipya, macho yake yenye ukungu yakitazama mbele. Nuru alimbusu mkono, kisha akamvuta Fadhili pembeni.

"Kaka, mbona kirefu hivi?"

"Tangi," alisema Fadhili. "Maji yakikatika mjini, pale yatakuwapo."

"Tangi limefungwa kiuno?"

Fadhili akacheka, akamshika bega. "Nenda ukakae na mama. Watakuita."

Ngoma zilipigwa, hotuba zikasomwa. Mgeni rasmi akaongozwa hadi kwenye kamba, akaivuta, na kitambaa kikateremka.

Alikuwa mtu. Mtu wa saruji iliyopakwa rangi ya shaba, urefu wa watu wawili, amevaa kanzu na koti, mkono mmoja umeinua kalamu ambayo Mzee Lipanda hakuwahi kuwa na urafiki nayo. Vigelegele vikapasua uwanja. Watu walisimama, simu zikainuliwa. Nuru alibaki ameketi. Alitazama miguu ya yule mtu kwanza, akitafuta koki. Hapakuwa na koki. Palikuwa na maua yaliyozungushiwa mnyororo. Ndipo akapandisha macho.

Nyusi ya kushoto ilikuwa imekatika katikati.

Nyusi ile aliijua. Fadhili alianguka kutoka juu ya mkorosho wakiwa wadogo, tawi likamchana juu ya jicho, na Nuru ndiye aliyemfunga kichwa kwa khanga ya mama yao huku damu ikimwingia kwenye kucha. Akatazama taya pana, midomo minene, shingo fupi. Baba yao alikuwa mwembamba kama mpini, na mwanya mbele. Aliyesimama pale hakuwa baba yao hata kidogo. Alikuwa Fadhili, akiwa na koti na kalamu.

"Na sasa," mshereheshaji alinguruma, "damu ya mshairi mwenyewe! Bi Nuru binti Mohamedi Lipanda!"

Miguu ilimpeleka, hakujua vipi. Alipewa kipaza sauti. Mbele yake watu walitulia. Walikuwa wamemwandalia ubeti mwingine, wa kuisifu nchi. Fadhili alikuwa amemwomba huo, naye aliufanyia mazoezi njia nzima. Haukumjia. Alimtafuta kaka yake kwa macho, akamwona kando ya hema, amekunja mikono. Basi akaghani ule alioweza kuughani.

"Nikifa msinichonge, kwa saruji wala chuma..."

Alighani taratibu, kila neno akilisimamisha peke yake. Alipofika "bomba, sio kusimama", alinyoosha kidole kwenye lile jitu. Alingoja. Alidhani uwanja ungeshika baridi, kwamba mtu mmoja, hata mmoja tu, angeshusha simu yake aone haya.

Wakapiga makofi. Walipiga makofi na vigelegele, mgeni rasmi akatoa leso akajifuta macho, akasema kwenye kipaza sauti kwamba sauti ya mzee bado iko hai. Watu walikuwa wameuimba ubeti ule tangu shule ya msingi hata maneno yake yalikuwa hayasikiki tena, kama mtu asivyosikia saa ya ukutani kwake. Mmoja tu aliusikia. Fadhili aliteremsha mikono, akaangalia chini.

Nuru aliporudi kwenye viti, Anold yule katibu alimfuata, akampa mikono miwili kwa heshima.

"Bi Nuru, kamati inakushukuru sana. Tulihofia familia itagoma, kwa sababu ya ule ubeti. Lakini kaka yako alipotueleza kwamba umeridhia, na jinsi ulivyolia kwa furaha ulipoambiwa, tukapata moyo."

"Nililia lini?"

Anold akatabasamu, akidhani ni utani. Kisha mtu akamwita, akaomba radhi akaondoka.

Nyuma ya mahema alimkuta Mauricio, amevaa shati la harusi, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mvi zilikuwa zimemjaa. Alipomwona Nuru alisimama.

"Fundi Mauricio, hii ni kazi yako?"

"Ni yangu, dada."

"Ulikaa na baba yangu uso kwa uso. Ulikula naye. Ukamchonga huyu?"

Mauricio alisugua viganja vyake. "Nilimwambia kaka yako, uso wa mzee naukumbuka, niachie nijaribu. Akasema hapana, familia imekaa, imeamua akae yeye mbele yangu, maana wanafanana. Akasema na wewe umesema hivyohivyo. Nikakungoja karakanani, nikasema Nuru hawezi kukosa kuja kutazama. Hukuja. Nikajua basi, umekubali ila moyo unakuuma."

"Namba yangu unayo."

"Ninayo."

"Na jiwe la ubeti liko wapi?"

Alitazama upande wa uwanja. "Walilivunja likawa kifusi. Liko chini ya msingi. Nisamehe, dada."

Nuru hakumsamehe wala hakumtukana. Alimwacha na ndoo yake. Mbele kidogo mama mmoja mwenye beseni la mihogo kichwani alikuwa akimuuliza mgambo maji yamehamishiwa wapi, na mgambo alikuwa akimwonyesha duka.

Fadhili hakukimbia. Alimngoja kando ya ukuta wa soko, kofia mkononi.

"Uliwaambia nimekubali," Nuru alisema.

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo. Mtu huulizwa ili akitaka akatae."

"Nuru, nisikilize. Wewe unakaa Mahurunga, huoni. Matangazo ya waganga yalibandikwa juu ya jina lake. Watu waliosha miguu pale, watoto wakakojoa palepale. Mshairi wa taifa! Wageni wa kutoka Dar walikuwa wakiuliza mnara uko wapi, wakionyeshwa bomba wanacheka."

"Alitaka waoshe miguu. Alisema."

"Alisema mengi yule mzee."

"Na uso, je? Na uso nao ulikuwa unavuja?"

Fadhili aliigeuza kofia, akaigeuza tena. Aliponyanyua kichwa macho yalikuwa mekundu. "Kila palizi ilikuwa wewe. Mlikuwa mbele mnacheka, mimi niko nyuma yenu na mzigo wa mihogo nasikia mnacheka. Nilikosea mizani mara moja, mtoto mdogo, akanigeuzia kisogo mpaka anaingia kaburini. Wewe amekuachia kila kitu. Ukifungua mdomo, watu wanasema, huyo Lipanda. Mimi nikipita nani ananijua? Sasa wajukuu zangu watapita hapa waseme, babu anafanana na baba yake. Hilo tu. Nimemwibia nani?"

Kwa muda mfupi Nuru alimwona tena yule mtoto aliyefungwa khanga kichwani, na kidogo tu amshike mkono. Maana lile la kisogo lilikuwa kweli. Alikuwapo, aliliona, na siku zile lilimfurahisha.

"Ungeniomba mashairi yake ningekufundisha yote," alisema. "Ningekuja Likombe kila wiki. Uso wake umeuchukua, haya, mwenyewe amekufa. Lakini mimi niko hai, Fadhili. Umekichukua kinywa changu nikiwa hai ukakitia maneno."

Hakumwita kaka. Wote wawili walilisikia hilo, na Fadhili akavaa kofia yake kama mtu aliyepigwa na jua.

Alikuwa amebakiza mama. Alimkuta Likombe jioni ileile, ameshavuliwa buibui jipya, amekaa mkekani akitafuna korosho moja polepole kwa upande wenye meno.

"Mama, na wewe ulijua?"

Bi Rehema aliendelea kutafuna hadi akameza. "Nilijua."

"Na ulijua alivyosema baba."

"Nimeusikia ubeti ule kuliko wewe, mwanangu. Aliniamsha usingizini kuniambia mstari wa pili." Alinyoosha mkono akatafuta goti la Nuru, akalikosa, akaurudisha. "Yule bwana nilimzalia, nikamzika. Sauti yake redio inayo, wewe unayo. Lakini sasa hivi nikifumba macho nimtazame, simwoni. Naona kanzu. Uso umekwenda. Hakuniachia hata picha, kwa ajili ya dini yake na maneno yake. Fadhili aliponiambia wanamsimamisha, sikuuliza kwa uso wa nani. Leo nimekaa pale nimeona kivuli cha mtu mrefu. Kikanitosha."

"Na mimi je, Mama? Mlipokuwa mnapanga, mimi mliniweka wapi?"

"Wewe?" Bi Rehema alishangaa kweli. "Wewe tulijua utasamehe. Una moyo wa baba yako."

Nuru alikuwa amehimili uwanja, katibu, fundi na kaka. Hilo ndilo lililomvunja. Alitoka nje akasimama penye kamba za nguo, akalia bila sauti, kwa sababu aligundua kwamba hawakumficha kwa kumwogopa. Walimficha kwa kuwa walijua hatawafanya kitu.

Hata hivyo alijaribu. Wiki iliyofuata alirudi mjini, akaenda kwa Anold, akamwambia wazi kwamba hakuridhia, na anataka jambo hilo litangazwe. Anold alimsikiliza kwa adabu, akamwagizia soda, kisha akatoa simu yake. Kwenye video alikuwapo Nuru mwenyewe, khanga begani, akighani mbele ya sanamu, amenyoosha kidole juu, watu wakishangilia. Chini yake mtu alikuwa ameandika: Binti wa mshairi akimuenzi babake.

"Bi Nuru," alisema Anold, "nikisema hukukubali, nani ataniamini? Nchi nzima imekuona."

Nuru alisimama. Soda aliiacha mezani.

Tangu hapo mambo yalikwenda yalivyokwenda. Kitabu kipya cha shule kilitoka na picha ya ile sanamu, na mjukuu wa jirani alimletea Nuru amwonyeshe, akasema, bibi, huyu ndiye babako. Nuru alitazama nyusi, akasema kitabu kizuri, kitunze. Fadhili akaanza kualikwa kwenye sherehe. Watu wasiomjua walimsimamisha njiani wakimwambia ana sura ya mshairi, naye akanunua koti. Salamu zake zilifika Mahurunga kila Idi kupitia watu, na Nuru aliitikia salamu kama dini inavyotaka, bila kutuma nyingine. Walipomwomba aje aghani tena, alisema koo linamsumbua. Uwanjani hakupita. Akiwa na haja sokoni alizunguka nyuma, njia ya mbali yenye vumbi, na watu wake wakazoea.

Masika yaliyofuata, Bi Rehema alianguka bafuni. Upande mmoja wa mwili ukalala. Jirani wa Likombe ndiye aliyepiga simu, na Nuru akafunga nguo zake kwenye khanga, akaondoka asubuhi hiyohiyo.

Fadhili ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa amekonda. Alisema, "Nuru," kisha akasogea kando. Nuru alimpita, akavua viatu, akaingia chumbani.

Mama yao alikuwa amelala vilevile alivyowekwa usiku, shuka limelowa chini yake, jicho moja tu likiwafuata. Wa nyumbani walikuwa wamemwacha hivyo kwa kutojua pa kumshika. Nuru akatandua shuka upande wa ukutani, akakunja mikono ya gauni, akapitisha kiganja chini ya mgongo wa mama yake. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani. Peke yake asingeweza. Mlangoni Fadhili alisimama akingoja kuambiwa jambo lolote, hata tusi.

"Shika miguu," Nuru alimwambia. "Taratibu. Usimvute."

Akaja, akainama. Wakamgeuza.